Sahihi Tatu za Chimba Tuone

Jumapili, 2 Machi

Leo nimechaguliwa mweka hazina wa kikundi ambacho hakina hazina. Mwenyekiti wetu ni mwalimu mstaafu, mama ambaye hata akikusalimia unajisikia kama umechelewa darasani. Amenipa madaftari mawili. "Hili la hesabu, fundi. Na hili la akiba, likijaa la kwanza." La kwanza halitajaa leo wala mwakani, kwa hiyo la akiba nitaandika humu yale yasiyo na safu ya kujumlishia.

Tuko watu ishirini na watatu, na kipande cha ardhi nyuma ya ghala la zamani la manispaa. Tangu nihamie mtaa huu hapo palikuwa jalala. Tumelisafisha kwa wiki sita. Mimi peke yangu nimetoa matairi manne, na jokofu moja kwa kusaidiwa. Chini yake udongo ni mweusi, mwororo, mtu unatamani kuuweka mfukoni. Manispaa inasema tutapangishwa miaka mitano, mradi tuwe kikundi kilichosajiliwa, tuwe na akaunti ya benki, na tulipe ada ya pango kabla Mei haijaisha. Tukishindwa, mwenye gereji ya jirani ameshaomba paegeshwe magari yake.

Kuchagua jina kumetuchukua saa mbili nzima. Kila mtu ana lake, na kila lake ni zuri kuliko la mwenzake. Mwishowe mtu akachoka akapiga kelele, "Jamani, si mchimbe tuone!" Ndilo likapita. Sisi ni Kikundi cha Bustani cha Chimba Tuone.

Jumatano, 5 Machi

Mvua ya kwanza, ya kutuliza vumbi tu. Tumegawana matuta kwa kura. Mimi tuta namba tisa. Namba kumi limemwangukia Mchomeleaji. Kura haina adabu kabisa.

Jumapili, 9 Machi

Lazima nieleze la leo, maana nikilikumbuka nacheka peke yangu, kisha sicheki.

Miaka kadhaa nyuma mtaa huu ulikuwa na chama cha akiba. Watia sahihi benki walikuwa wawili, marafiki wa chanda na pete, wakila sahani moja. Wakaondoka siku moja na fedha zote, na mpaka leo inasemekana wanakula sahani moja huko waliko. Kwa hiyo leo, tulipofika kwenye ajenda ya watia sahihi, mama mmoja akasimama: "Safari hii tusichague marafiki. Tuchague watu wasiosemezana. Watakula njama saa ngapi?"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Hata mimi nilipiga, nikidhani wanazungumzia watu wengine.

Wakatutaja watatu. Mimi, fundi saa. Mama Chupa, anayenunua na kuuza chupa tupu na vyuma chakavu, ambaye ana miaka miwili ananiita mwizi kwa sababu ya saa yake ya ukutani. Na Mchomeleaji, ambaye anamdai Mama Chupa geti alilolipima kwa kilo kama chakavu, kumbe lilikuwa jipya likisubiri rangi. Baina yangu na Mchomeleaji hakuna aliyehitaji maelezo. Ni kaka wa marehemu mke wangu. Ana miaka minne hanisemeshi, na mimi simsemeshi.

Mwenyekiti akaongezea msumari: fedha hazitatoka mpaka watatu wote wawepo, wote wasaini mbele ya karani, hakuna kuwakilishwa. Kura ishirini zilikubali. Zilizokataa ni tatu, na wenyewe mnawajua.

Alhamisi, 13 Machi

Nimepanda maharage na mistari miwili ya vitunguu. Mchomeleaji naye alikuwepo. Tulipeana migongo kwa saa nzima.

Jumanne, 18 Machi

Ofisi ya usajili. Chumba kidogo, mafaili mpaka dirishani, feni inayozunguka bila kuleta upepo. Tulikwenda na Mwenyekiti, tumevaa vizuri, katiba yetu ndani ya bahasha.

Ile katiba, niseme ukweli, tuliazima ya timu ya mpira ya mtaa, kwa sababu ndiyo pekee tuliyoijua kuwa na mhuri. Mwenyekiti alimwagiza mpiga chapa kila penye neno "mpira" aweke "bustani". Mpiga chapa ni mtiifu. Alifanya hivyo hivyo, na hakuna kati yetu aliyerudia kuisoma.

Afisa akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "'Bustani itachezwa kwa dakika tisini, na ikiwa sare, mshindi ataamuliwa kwa mikwaju ya penalti.'" Akatutazama. Akaendelea: "'Mwanachama atakayeshika bustani kwa mkono makusudi ataonyeshwa kadi nyekundu.' Sasa nyinyi mtalima kwa miguu?"

Mwenyekiti, aliyesahihisha insha za watoto kwa miaka thelathini na tano, alitamani sakafu ipasuke. Mimi nilicheka mpaka machozi. Afisa naye akacheka, akavua miwani akaifuta, kisha akaturudishia karatasi akionyesha kwa kidole la kufuta, la kubaki na la kuongeza. Alipofika kwenye sahihi akasita. "Wote watatu? Vikundi vingi huweka wawili kati ya watatu. Mmoja akipatwa na jambo je?"

"Hatapatwa," akasema Mwenyekiti, kwa sauti ya mtu anayetoa amri.

Nikaweka mikono yangu chini ya meza.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua. Katiba imeandikwa upya, safari hii tumeisoma wote, sentensi kwa sentensi. Hakuna penalti.

Jumatatu, 7 Aprili

Tumepata cheti! Kina namba, kina mhuri wa bluu. Mwenyekiti amekizungusha mtaani nyumba kwa nyumba, na kila mtu anatakiwa anawe kwanza. Maharage yameota. Nina furaha ya kitoto.

Ijumaa, 11 Aprili

Benki, kufungua akaunti. Tulikaa watatu kwenye benchi moja kama wagonjwa wa maradhi tofauti: Mama Chupa katikati, kila mmoja wetu pembeni amegeukia ukuta wake. Karani, binti mdogo wa miaka kama ya mwanangu, akatupa kadi za sahihi. "Sainini kama mnavyosaini siku zote, wazee wangu. Hii ndiyo tutakayolinganisha nayo kila mkija."

Nilibana pumzi, nikabana na kalamu, nikasaini. Imetoka nzuri. Imetoka kama ya zamani.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua mfululizo. Leo sikufungua saa hata moja.

Jumamosi, 19 Aprili

Michango imefika nusu. Mama Chupa ndiye wa kwanza kumaliza wake wote, kwa sarafu, ndani ya chupa. Aliiweka mezani kwangu bila salamu. Mwandiko wangu leo umepinda. Kalamu hii ni mbovu.

Alhamisi, 24 Aprili

Tangu saa kumi alfajiri mvua ilipiga mabati kana kwamba inatudai. Kulipopambazuka nilikimbilia bustani na mwavuli ambao haukunisaidia kitu. Maji yalikuwa yanashuka kutoka upande wa gereji, yanakata matuta moja baada ya jingine. Namba moja mpaka sita yalikuwa matope. Niliona karoti za watu zinaelea.

Tuta langu lilikuwa limesimama. Sikuelewa mpaka nilipokaribia. Mtu alikuwa amechimba mfereji wa kuyachepusha maji, na haukuanzia kwenye tuta namba kumi, ambalo ndilo lake. Ulianzia juu ya langu. Alikuwa bado yumo ndani, maji magotini, amevaa ile aproni yake ya ngozi ya kuchomelea, anatupa koleo.

Nikashika jembe nikaingia upande wa pili. Tulichimba mpaka saa tatu. Maneno tuliyosemezana ni mawili. Yeye alisema, "Sogea." Mimi nikasema, "Haya."

Ni maneno mawili zaidi ya yale ya miaka minne, na nimeyahesabu.

Ijumaa, 25 Aprili

Tumepanda upya namba moja mpaka sita, watu wote, kila mtu na mbegu zake. Mgongo unauma vizuri.

Jumapili, 4 Mei

Mama Chupa amekuja kibandani kwangu, amesimama mlangoni mikono kiunoni. "Fundi, saa yangu."

"Bado kidogo."

"Bado kidogo ina miaka miwili! Ulitupa vifaa vyake ndani ya saa ya nani, sema ukweli?"

Saa yake iko kwenye rafu, nyuma ya pazia. Hakuna kilichopotea. Inahitaji springi moja na skrubu nne ambazo kila moja ni ndogo kuliko punje ya mtama, na mimi siwezi kuzishika tena. Humu ninaweza kuandika, basi niandike: mikono yangu inatetemeka. Ilianza mwaka aliokufa mke wangu, kidole kimoja, nikadhani ni uchovu. Sasa ni yote miwili. Asubuhi inakuwa na nafuu, kisha inachachamaa. Mwaka mzima nimekuwa nikibadilisha betri na mikanda tu, na kazi za ndani nazikataa nikisema vipuri havipatikani. Kalamu haina ubaya wowote. Mtaa mzima unaniamini fundi kwa sababu ya mikono hii, na bora Mama Chupa aniite mwizi kuliko mtu ajue.

Jumapili, 18 Mei

Binti yangu amekuja kututembelea, mimi na maharage yangu. Aliyachuma kapu zima, kisha nikamwona anaruka mfereji kwenda kumsaidia mjomba wake. Waliongea sana. Aliporudi alikuwa na uso wa mtu aliyebeba ujumbe.

"Baba, mjomba anasema hakukasirika kwa sababu ya cherehani."

"Sasa alikasirika kwa nini?"

"Kwa sababu hukumwambia."

Cherehani ile aliinunua yeye, kwa mshahara wake wa kwanza, akampa dada yake siku ya harusi yetu. Wiki tatu baada ya mazishi alikuja kuomba akae nayo kama kumbukumbu, akakuta nimeshaiuza. Aliniuliza kwa nini, na mimi nikamjibu, "Ilikuwa mali ya mke wangu, si yako." Nimeliandika jibu hilo kama lilivyotoka. Linaonekana baya zaidi kwenye karatasi.

Jumatatu, 26 Mei

Barua ya manispaa imekuja. Tumekubaliwa! Ada ilipwe kwa hundi ya benki, kwa mhasibu wao, kabla ya saa tisa alasiri Ijumaa tarehe 30. Michango imekamilika tangu wiki iliyopita na iko benki. Tunakwenda kuitoa Alhamisi.

Alhamisi, 29 Mei

Hatukuitoa. Mchomeleaji alikuja, mimi nikaja, Mama Chupa hakuja. Ametuma salamu kwamba hawezi kuketi benchi moja na mtu aliyekula saa yake na mwingine anayemwita mwizi wa mageti. Tulisimama mlangoni mwa benki wawili, saa nzima, tukitazama barabara. Jioni Mwenyekiti alikwenda kwake, akatoka baada ya dakika kumi. "Atakuja kesho," akasema. Sijui alimwambia nini. Nadhani alimsimamisha kwenye pembe ya chumba kama mwanafunzi.

Nimejaribu kusaini nyuma ya karatasi hii mara kumi na tano. Hakuna inayofanana na mwenzake.

Ijumaa, 30 Mei

Saa nne na nusu tulikuwa dirishani, watatu kamili. Mama Chupa alisaini kwanza, herufi kubwa kubwa, akasukuma karatasi bila kututazama. Mchomeleaji akasaini. Ikafika kwangu.

Nilibana pumzi kama siku ile. Kalamu ikaanza kucheza. Nilipoisimamisha kwa mkono wa pili ukawa ni mtetemeko wa mikono miwili. Kilichotoka kilikuwa kama njia ya siafu. Karani akaweka kadi ya Aprili pembeni, akatazama hii, akatazama ile.

"Mzee wangu, jaribu tena."

Nilijaribu mara tatu. Foleni nyuma yetu ikaanza kuguna. Karani akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza: "Siwezi kuipokea, mzee. Hii si sahihi yako." Kubadili mtia sahihi kunataka muhtasari wa mkutano na siku saba za kazi. Saa ya ukutani mle benki ilisema saa tano kasoro tano, na ilikuwa inachelewa dakika mbili. Nililiona hilo hata katika hali ile.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Watu ishirini na wawili walijinyima wakachanga, na ardhi yao inakwenda kuegeshwa magari kwa sababu fundi alikuwa na kiburi cha kuficha mikono yake. Nikageuka, nikaiweka yote miwili juu ya kaunta, mahali kila mtu anapoona, nikasema, "Ni ugonjwa. Ninao muda mrefu. Nisameheni."

Mama Chupa aliitazama mikono, akanitazama mimi. "Ndiyo maana saa yangu..."

"Ndiyo maana. Iko rafuni, nzima, hakuna kilichopotea. Siwezi kushika skrubu."

"Kumbe mikono!" akasema, kwa sauti ya benki nzima kusikia. "Mimi miaka yote miwili nadhani ni roho!" Na palepale akamgeukia karani kana kwamba ni yeye aliyefanya kosa. "Binti, wagonjwa hawana hela zao humu? Vipofu hamuwahudumii? Muite mkubwa wako."

Mkubwa akaja, mwanamume mnene mwenye tai fupi. Akasikiliza. Akasema ipo njia: mtia sahihi asiyeweza kusaini anaweza kuweka dole gumba, ikiwa watia sahihi wenzake wote wanamthibitisha kwa maandishi, kila mmoja kwenye fomu yake, na kama mambo yakija kuharibika wanawajibika nao. "Mnamfahamu vizuri mtu huyu?" akauliza.

Mama Chupa akavuta fomu yake. "Namfahamu. Ana saa yangu," akasema, akaanza kuandika.

Ikabaki fomu ya Mchomeleaji. Aliichukua fomu akaenda nayo kwenye meza ya pembeni, akainama. Mikono yake ina makovu ya cheche mpaka kwenye viwiko, lakini inatulia. Mimi nilisimama pale na kidole changu cha wino, nikimtazama, na niliogopa kama mtu anayesubiri jibu la daktari. Angeweza kukataa. Hakuna ambaye angemlaumu.

Aliporudisha fomu ilinipitia mbele nikaisoma kichwa chini miguu juu, kama tunavyosoma sisi tunaokaa upande wa pili wa meza. Penye jina ameandika langu, kamili. Penye "uhusiano" ameandika: *Shemeji yangu.* Penye "muda wa kufahamiana" ameandika: *Miaka thelathini na mmoja.*

Nilioana na dada yake miaka ishirini na saba kabla hajafariki. Ile minne ya kununiana hakuitoa.

Nilishindwa kujizuia. Karani aliniletea karatasi za kufutia wino na nikafutia macho, nikapaka wino shavuni. Mama Chupa akacheka mpaka akakaa chini.

Saa saba na robo tuliikabidhi hundi kwa mhasibu wa manispaa. Akapiga mhuri, akatupa stakabadhi. Mama Chupa aliondoka nayo mbio kwenda kumwonyesha Mwenyekiti, akaapa kwamba atanawa kwanza. Sisi wawili tukabaki kwenye benchi nje.

"Ile cherehani sikuiuza kwa sababu ya hela," nikasema. Sikuwa nimepanga kusema. "Kila nikipita mlangoni nilikuwa nasubiri niisikie. Nilishindwa kukaa nayo imenyamaza vile. Nilipokujibu, nilikujibu kwa uchungu, na nimeona haya mpaka leo."

Alichuna ngozi ngumu ya kiganja chake.

"Ungesema."

"Ndiyo nasema, shemeji."

"Umechelewa," akasema. Kisha akasimama, akanishika kiwiko kama mtu anayemsaidia mzee kuvuka, ingawa tumepishana mwaka mmoja tu. "Twende. Vitunguu vyako vina magugu, navitazama kila siku nashindwa kusema."

Jumanne, 3 Juni

Shemeji amekuja kibandani na taa yake ya kichwani. Ameifungua saa ya Mama Chupa, yeye anashika bisibisi, mimi naelekeza. "Kushoto. Polepole, hilo si geti." Skrubu tatu zimeingia. Ya nne ilituangukia, tukatambaa sakafuni wazee wawili mpaka tukaipata. Saa inatembea.

Jumapili, 8 Juni

Mvua zimekwisha. Mkutano mkuu, katikati ya matuta, kila mtu amekalia ndoo yake. Kwenye mengineyo akasimama mama yule yule wa Machi.

"Mwenyekiti, nina wasiwasi. Juzi nimewaona watia sahihi wetu watatu wanakula mahindi ya kuchoma pamoja. Wanacheka. Mama Chupa ametundika saa yake, na huyu mwenye geti amesamehe geti. Mimi nasema hawa si salama tena."

Kicheko kilichotoka hapo nadhani kilisikika mpaka gereji. Lakini Mwenyekiti akasema hoja ni hoja, ipigiwe kura, na safari hii watakuwa wawili kati ya watatu, kama Afisa alivyotushauri. Akauliza nani anaunga mkono sisi watatu tuondolewe kwa kosa la kupatana.

Shemeji ndiye aliyeinua mkono wa kwanza, na Mama Chupa wa pili. Nikainua na mimi wangu, juu kabisa, unatetemeka mbele ya watu wote, nikauacha huko huko mpaka Mwenyekiti alipomaliza kuhesabu.